Kufunga Breki Bila Kufunga Magurudumu

Katika lugha ya barabarani ya Tanzania, dereva aliyelisimamisha gari kwa ghafula husemwa kwamba "amefunga breki". Waliouanzisha msemo huu hawakukusudia kufundisha fizikia, lakini wameligusa jambo lenyewe hasa. Dereva wa lori la zamani, Bedford au Land-Rover, alipokanyaga breki kwa nguvu zake zote alikuwa akifunga kweli. Magurudumu yaliacha kuzunguka, yakawa kama miguu ya meza inayosukumwa sakafuni, na gari likaendelea kwenda huku likiacha nyuma yake mistari miwili myeusi. Usukani aliweza kuuzungusha atakavyo, gari halikumsikiliza.

Katika makala haya tutaeleza kwa nini gurudumu lililofungwa ni adui wa dereva, na jinsi chombo kinachojulikana kwa herufi ABS kinavyolizuia gurudumu lisifungwe. Tutaeleza pia mambo ambayo chombo hicho hakiwezi kuyafanya, maana huko ndiko kuliko na hatari ambayo watu wengi hawaifikirii.

Msomaji anayeijua barabara itokayo Segera kwenda Tanga, ikipita Hale na Muheza kati ya mashamba ya mkonge na michungwa, ataelewa kwa nini tumechagua kuzungumzia upande huu wa nchi. Pwani ya kaskazini hupata mvua mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na siku iliyo mbaya kuliko zote kwa dereva ni ile ya mvua ya kwanza. Kwa miezi ya ukame lami imekusanya vumbi, matone ya mafuta na unga wa mpira uliolika kutoka kwenye matairi. Manyunyu ya kwanza hayana nguvu ya kuuosha uchafu huo. Huuchanganya tu ukawa utelezi mwembamba usioonekana. Mvua ikinyesha kwa saa nzima barabara husafika, na huwa afadhali kidogo.

Siku moja ya namna hiyo mwandishi wa makala haya alikuwa abiria katika gari dogo lililotoka Muheza. Ng'ombe wawili walijitokeza kutoka kwenye vichaka. Dereva, mzee aliyejifunzia kazi yake kwenye malori miaka mingi iliyopita, alikanyaga breki kwa nguvu. Papo hapo kukasikika mlio wa kukwaruza chini ya sakafu, na pedeli ikaanza kumpigapiga mguuni. Mzee akashtuka, akadhani breki zimevunjika, akauinua mguu. Gari likapata tena mwendo. Ng'ombe mmoja alinusurika kwa kuruka, si kwa ustadi wa yeyote kati yetu. Tulipoteremka kulikagua gari hatukuona kilichovunjika. Breki zilikuwa zikifanya kazi yake barabara kabisa, ila hakuna aliyekuwa amemweleza mzee yule kwamba namna yake ya kufanya kazi ni hiyo.

Msuguano chini ya tairi

Tuanze na jambo ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kulijaribu. Weka kipande cha mti juu ya meza, kifunge kwa mizani ya springi, kisha vuta polepole huku ukisoma mizani. Kani itaongezeka, itaongezeka, na kipande bado kimetulia. Kisha kitachomoka kwa ghafula, na pindi kinapoanza kuteleza mizani itashuka. Kani ya kukifanya kiendelee kuteleza ni ndogo kuliko kani iliyohitajika kukiondoa mahali pake. Msuguano wa vitu vilivyotulia juu ya vingine, basi, ni mkubwa kuliko msuguano wa vitu vinavyoteleza.

Mtu atauliza: hayo yanahusianaje na tairi, ambalo halitulii bali linakwenda? Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Gurudumu linapoviringika vizuri, ile sehemu yake iliyogusa lami haisogei juu ya lami. Inashuka, inaikanyaga, inatulia kwa nukta ya wakati, kisha inainuka na kuiachia nafasi sehemu inayofuata, kama unyayo wa mtu anayetembea. Mwili wa mtu unakwenda mbele, lakini unyayo ulio chini hausogei. Kwa sababu hiyo tairi linaloviringika linaweza kuutumia ule msuguano mkubwa. Gurudumu likifungwa, unyayo huo huanza kuburutwa, nasi tumebaki na msuguano mdogo.

Sehemu hiyo ya tairi inayogusa barabara si kubwa. Katika gari dogo ni kama ukubwa wa kiganja cha mkono. Gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja, pamoja na watu watano na mizigo yao, limeshikamana na dunia kwa viganja vinne tu.

Kwa kweli mambo ya mpira ni magumu kidogo kuliko ya kipande cha mti. Mpira hunyumbuka, na hata kabla ya kufungwa gurudumu linalopigwa breki huzunguka polepole kidogo kuliko mwendo wa gari. Tofauti hiyo tuiite mserereko. Gurudumu linaloviringika huru lina mserereko wa asilimia 0, na lililofungwa kabisa lina mserereko wa asilimia 100. Wahandisi wamepima, wakaona kwamba juu ya lami msuguano hupanda haraka mserereko unapoongezeka, hufikia kilele chake mahali fulani kati ya asilimia 10 na 30, kisha hushuka kadiri gurudumu linavyokaribia kufungwa. Juu ya lami kavu mteremko baada ya kilele ni mdogo. Juu ya lami iliyolowa ni mkubwa.

Kuna na jambo la pili, nalo kwa maoni yetu ni zito kuliko la kwanza. Kani inayoligeuza gari kushoto au kulia nayo hutoka kwenye viganja vile vile vinne. Gurudumu la mbele linapopindishwa huku likizunguka, huikamata barabara kwa ubavu na kulivuta gari kuelekea linakotazama. Likifungwa, halina tena upande wa kutazama. Mpira unaoburutwa huteleza kule kule ambako gari lilikuwa likienda, hata kama gurudumu limepindishwa hadi mwisho. Ndiyo maana katika ajali nyingi za namna hii gari huenda moja kwa moja mpaka kwenye kitu ambacho dereva alikuwa akikitazama na kutaka kukikwepa. Yakifungwa ya nyuma kabla ya yale ya mbele, mambo huwa mabaya zaidi, kwani mkia wa gari hutaka kutangulia na gari huzunguka.

Hesabu ndogo

Walimu wa fizikia watapenda kuwapa wanafunzi hesabu hii. Umbali wa kusimama, tangu breki ziliposhika, hupatikana kwa kuzidisha mwendo kwa mwendo, kisha kugawanya kwa mara mbili ya kizigeu cha msuguano kilichozidishwa kwa mvutano wa dunia, yaani meta 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Masi ya gari haimo katika hesabu hiyo, jambo ambalo huwashangaza wanafunzi kila mwaka.

Chukua gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao sheria ya Tanzania imeuweka kuwa kikomo cha magari makubwa yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500. Huo ni meta 22.2 kwa sekunde. Tuseme barabara imelowa, na kwamba kizigeu cha msuguano kwenye kilele ni 0.5 lakini gurudumu likifungwa hushuka hadi 0.35. Gari lisilofunga magurudumu litasimama baada ya meta 50. Lililofunga litahitaji meta 72. Tofauti ni meta 22, zaidi ya urefu wa lori na tela lake.

Hesabu ya pili ndiyo inayoonyesha ubaya wa jambo. Pale penye meta 50, mahali ambapo gari la kwanza limekwisha kusimama, je, gari la pili lina mwendo gani? Wanafunzi wengi hukisia kilomita 10 au 15 kwa saa. Jibu ni karibu kilomita 44 kwa saa. Nishati mwendo huenda pamoja na mwendo uliozidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwendo hupotea katika meta chache za mwisho. Mtoto aliyesimama penye meta 50 angesalimika mbele ya gari la kwanza, na pengine asingesalimika mbele ya la pili.

Tukumbuke pia kwamba kabla ya breki kushika kuna wakati ambao jicho huona, akili huamua, na mguu huhama kutoka pedeli moja hadi nyingine. Kwa mtu mwangalifu wakati huo ni karibu sekunde moja. Katika sekunde hiyo gari letu limekwenda meta 22 bila kupunguza mwendo hata kidogo, na hakuna chombo cha breki kinachoweza kumrudishia dereva meta hizo.

Mguu wa dereva na mguu wa mashine

Madereva wa zamani hawakuwa wajinga wa mambo haya. Walifundishana kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, wengine wakaita kupampu breki. Gurudumu likianza kufunga waliliachia lizunguke, kisha walikamata tena. Waendesha baiskeli wa Tanga, mji unaosifika kwa wingi wa baiskeli zake, hufanya vivyo hivyo kwa vidole pindi barabara za Ngamiani zinapolowa, na hakuna aliyewafundisha darasani. Wazo la ABS halizidi hapo. Tofauti ni kwamba mguu wa binadamu aliyeogopa huweza kukanyaga na kuachia labda mara mbili au tatu kwa sekunde, nao huyaachia magurudumu yote manne pamoja, hata lile ambalo halikuwa na haja ya kuachiwa.

Tatizo lenyewe halikuanza na magari ya barabarani. Watu wa reli walilijua mapema. Gurudumu la chuma likifungwa na kuburutwa juu ya reli hulika upande mmoja, likapata ubapa, na tangu hapo hugonga kila linapozunguka; ndiyo maana vichwa vya treni hubeba mchanga wa kumwaga relini pale panapoteleza. Katika ndege ubaya wake ni mkubwa zaidi, kwa sababu tairi likifungwa wakati wa kutua huweza kupasuka kabla rubani hajajua lolote. Mfaransa Gabriel Voisin alikuwa miongoni mwa waliojaribu kutafuta dawa kwa ajili ya ndege katika miaka ya 1920. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilitoa chombo kilichoitwa Maxaret, ambacho hakikuwa na umeme wala kompyuta. Ndani yake kulikuwa na gurudumu dogo zito lililozungushwa na gurudumu la ndege. Gurudumu la ndege lilipopunguza mzunguko kwa ghafula, lile zito liliendelea kuzunguka kwa sababu ya inasha yake, na tofauti hiyo ikafungua vali ya kupunguza nguvu ya breki. Ni ubunifu mzuri sana, na mwalimu anayefundisha kanuni ya kwanza ya Newton asiuache. Mwaka 1966 Waingereza waliuweka katika gari liitwalo Jensen FF, lakini chombo hicho kilikuwa cha ghali na kizito mno kwa magari ya kawaida.

Kilichobadili mambo ni elektroniki. Mwaka 1978 kampuni za Kijerumani Bosch na Mercedes-Benz zilitoa breki za namna hii zenye kuongozwa na kompyuta ndogo na kulinda magurudumu yote manne. Malori yenye breki za upepo yalifuata mwaka 1981, na pikipiki ya kwanza, BMW, mwaka 1988.

Kazi inavyofanyika

Karibu na kila gurudumu kuna duara la chuma lenye meno kama ya gia, linalozunguka pamoja na gurudumu. Mbele ya meno hayo, kwa nafasi ndogo sana, kumewekwa sumaku iliyozungushiwa waya. Kila jino linapopita, nguvu ya sumaku hubadilika na mkondo mdogo wa umeme huzaliwa katika waya. Mwanafunzi aliyewahi kuona dainamo ya baiskeli anajua tayari jambo hili: gurudumu likienda mbio taa hung'aa, likisimama taa huzimika. Kompyuta ya ABS haiangalii mng'ao bali huhesabu idadi ya meno yaliyopita kwa kila sekunde, na kwa hesabu hiyo hujua mwendo wa kila gurudumu peke yake. Magari ya karibuni hutumia vipimo vya namna nyingine kidogo, lakini shabaha ni ile ile.

Sasa dereva anakanyaga breki. Gari zima haliwezi kupunguza mwendo haraka kuliko msuguano unavyoruhusu. Kompyuta inaujua mpaka huo. Ikiona gurudumu moja linapunguza mzunguko kwa haraka isiyowezekana kwa gari zima, hutambua kwamba gurudumu hilo halijapunguza mwendo pamoja na gari, bali linakaribia kufungwa. Hapo hutoa amri kwa vali mbili zilizo katika njia ya mafuta ya breki ya gurudumu hilo. Kwanza hufunga vali ya kuingilia, ili mguu wa dereva usiweze kuongeza kanieneo zaidi. Ikiwa gurudumu bado linaelekea kufungwa, hufungua vali ya kutokea, mafuta kidogo yakatoka na breki ikalegea. Gurudumu likipata tena mzunguko wake, vali ya kutokea hufungwa, ya kuingilia hufunguliwa, na breki hukamata upya. Pampu ndogo ya umeme huyarudisha yale mafuta yaliyotolewa kule yalikotoka, kwenye upande wa pedeli.

Mzunguko huo wa kushika, kuachia na kushika tena hutokea mara nyingi kwa sekunde moja, katika magari mengi mara 10 na zaidi. Gurudumu hubaki likipandashuka karibu na kile kilele cha msuguano tulichokieleza. Na yale mapigo ambayo mzee wetu wa Muheza aliyasikia mguuni, na ule mlio wa kukwaruza, havikuwa vingine ila mafuta yanayorudishwa na pampu na vali zinazofunguka na kufunga.

Kwa hiyo kanuni kwa dereva wa gari lenye ABS ni kinyume cha ile ya zamani. Akanyage kwa nguvu, asiachie mpaka hatari ipite, na atumie usukani kukwepa. Akipampu, anaivuruga hesabu ya kompyuta na kujiongezea umbali. Tabu ni kwamba mtu aliyezoea kupampu kwa miaka 20 hafikirii wakati wa hatari. Mguu hufanya wenyewe. Dawa ni kujaribu mapema. Dereva na atafute mahali peupe pasipo na watu wala magari, siku ya mvua, mwendo wa kilomita 30 kwa saa, akanyage breki ghafula ili ausikie mpigo ule angalau mara moja kabla ya siku ya ng'ombe.

Mabasi na malori hutumia breki za upepo. Humo vali huachia hewa badala ya mafuta, lakini akili ni hiyo hiyo. Faida yake ni kubwa hasa kwa lori lenye tela, kwani magurudumu ya kichwa yakifungwa tela hukisukuma kichwa kwa ubavu, na gari zima hujikunja kama kisu cha kukunjwa.

Pasipo msaada wa ABS

Ukipanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, barabara yenye kona baada ya kona, unainuka kutoka karibu meta 400 hadi karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kushuka ndiko kugumu. Tuchukue basi lenye tani 10. Likishuka meta 1,000 linaachia nishati ya karibu jouli milioni 98, na ikiwa dereva anategemea breki peke yake, nishati yote hiyo hugeuka kuwa joto katika ngoma za breki. Joto hilo lingetosha kuchemsha karibu lita 290 za maji, yaani pipa moja na nusu. Kulisimamisha basi hilo hilo kutoka kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare huzalisha jouli milioni 2.5 tu, kwa hiyo kushuka Lushoto ni sawa na kufunga breki za ghafula mara 40 mfululizo. Breki zilizopata moto kiasi hicho hupoteza uwezo wake, na hapo ABS haina la kufanya. Kazi yake ni kupunguza nguvu ya breki iliyozidi. Haiwezi kuongeza nguvu isiyokuwapo. Mlimani mwokozi ni gia ndogo, inayoifanya injini yenyewe kuwa breki.

Wala haiwezi kuumba msuguano. Tairi kipara lisilo na mifereji huelea juu ya maji kwenye dimbwi, na gurudumu linaloelea haligusi chochote ambacho kompyuta yaweza kukitumia. Mwenye kununua gari lenye ABS kisha akaweka matairi vipara amefanya kazi bure.

Jambo jingine huwashangaza hata mafundi. Katika barabara ya kokoto na vumbi, kama sehemu za njia ya kupanda Amani, gari lenye ABS huweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko lisilo nayo. Gurudumu lililofungwa juu ya kokoto huchimba na kukusanya mbele yake rundo dogo la mawe na udongo, na rundo hilo hulizuia gari kama kigingi. Gurudumu linaloendelea kuzunguka hulipanda rundo hilo na kulipita. Mtu asiseme kwamba kwa hiyo chombo hakifai huko, maana usukani bado unasikika, na kwenye kona zenye korongo upande mmoja hilo si dogo. Lakini umbali wa nyongeza ni wa kweli, na dereva wa njia za udongo anapaswa kuuweka katika hesabu yake kwa kupunguza mwendo.

Kuna pia hulka ya binadamu. Katika miaka ya 1980 watafiti walilinganisha teksi za jiji la Munich huko Ujerumani, baadhi zikiwa na ABS na nyingine zikiwa hazina. Walitegemea teksi zenye ABS zipate ajali chache zaidi. Hazikupata. Madereva wake, kwa kujua kwamba wana breki bora, walikuwa wakiendesha kwa namna ya kujihatarisha zaidi, wakiila faida yote. Wamarekani nao walipotoa taarifa ya hesabu zao za miaka mingi mwaka 2009, waliona kwamba ABS ilikuwa imepunguza ajali zote za magari madogo kwa asilimia 6 hivi, lakini kwa ajali za vifo faida haikuonekana waziwazi. Twaona kwamba hii ni faida ndogo kuliko ile wanayoitangaza wauza magari. Faida iliyo kubwa zaidi ilikuja baadaye, pale vipimo hivi hivi vya mzunguko wa magurudumu vilipotumiwa kuunda mtambo unaolizuia gari lisizunguke kwenye kona.

Kwa pikipiki habari ni tofauti kabisa. Gari likifunga magurudumu huteleza. Pikipiki ikifunga gurudumu la mbele huanguka, karibu bila nafasi ya kujiokoa. Ndiyo maana waendeshaji wengi huiogopa breki ya mbele na kutumia ya nyuma tu, ilhali uzito wakati wa kusimama huhamia mbele, na breki ya mbele ndiyo yenye uwezo mkubwa. Wanajinyima sehemu kubwa ya nguvu zao za kusimama kwa kuogopa kuanguka. Utafiti wa taasisi ya bima ya Marekani inayoshughulikia usalama wa barabarani, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kwamba pikipiki zenye ABS zilihusika katika ajali za vifo kwa kiwango kilichopungua kwa karibu theluthi moja. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliilazimisha kwa pikipiki mpya zenye injini inayozidi sentimeta za ujazo 125 tangu 2016, na India ikafuata mwaka 2018. Bodaboda nyingi zinazobeba abiria katika pwani yetu ni za injini ndogo na hazina chombo hiki. Kama kuna mahali ambapo fedha kidogo ya teknolojia ingeokoa watu wengi, ni hapa, wala si katika magari ya kifahari.

Chumvi ya bahari na taa ya njano

Sehemu kubwa ya magari madogo yatumikayo Tanzania huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na mengi kati yake yana ABS. Swali ni kama bado inafanya kazi. Mwenye gari ageuze ufunguo bila kuwasha injini: taa ya njano yenye herufi ABS inapaswa kuwaka kwa sekunde chache, kisha kuzimika. Ikiendelea kuwaka, mtambo umejizima kwa sababu ya hitilafu. Breki za kawaida zipo, lakini magurudumu yanaweza kufunga kama zamani. Isipowaka kabisa, mnunuzi ajiulize. Wapo watu wanaoing'oa balbu ili gari lipate kuuzika.

Mara nyingi kasoro yenyewe ni ndogo: tope lililoganda kwenye kipimo, waya uliokatika, au meno yaliyoliwa na kutu. Hewa ya Tanga, yenye unyevu na chumvi ya bahari, huharakisha kutu hiyo. Unyevu huo huo huingia pia katika mafuta ya breki, ambayo kwa asili yake hufyonza maji. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Sentigredi, lakini yakisha kufyonza maji ya kutosha huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka kwenye mteremko wa Soni hufanya mapovu, na mapovu, tofauti na mafuta, hubonyea. Pedeli huzama hadi sakafuni bila kushika kitu. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama yanaonekana mazuri kwa macho.

Jaribio la shuleni

Shule yoyote yenye baiskeli moja na kiwanja cha saruji yaweza kulifanya jaribio hili. Chora mstari kwa chaki, lowesha sakafu baada ya mstari huo, na mwache mwanafunzi mmoja, aliyevaa kofia ngumu, aje kwa mwendo wa wastani. Akifika kwenye mstari abane breki ya nyuma hadi gurudumu lifunge. Pimeni umbali. Kisha arudie kwa mwendo ule ule, akibana na kuachia haraka ili gurudumu lisifunge. Kwa kuwa mwendo hauwezi kuwa sawa kila mara, rudieni mara 10 kwa kila namna na mchukue wastani. Msitegemee tofauti kubwa, kwani vidole si kompyuta. Mwisho rudieni jaribio lote kwenye mchanga mkavu wa ufukweni, mlinganishe majibu na yale tuliyoyasema kuhusu njia ya Amani.